Mwanzilishi Hafukuzwi

Jumatatu, 4 Machi

Nimefukuzwa nyumbani. Bado nipo nyumbani, lakini nimefukuzwa. Kufukuzwa kwenyewe kunaanza Jumapili.

Baba katangaza asubuhi, mkate ungali mdomoni mwangu. Kasema shamba la lavenda ni la familia, na kila mtu wa familia ana kazi yake. Bibi huchagua vijiti vya kupandikiza. Mama ana banda la kukaushia maua. Dada anashughulika na wanunuzi, ndiyo maana tunamwita Bosi, na wala hakatai. Shemeji, mume wa Bosi, anachemsha maua kwenye pipa lake la shaba mpaka mafuta yatoke. Halafu Baba akanitazama mimi. Akatafuta neno. Akatafuta tena. Akanywa chai.

Uonevu mtupu! Kazi zote za shamba hili nimezifanya. Nilipewa kumwagilia, nikamwagilia kwa moyo wote, asubuhi na jioni. Nani angejua kuna mmea unaochukia maji? Safu nzima ikaoza mizizi. Nikapewa kupogoa, nikapogoa mpaka kwenye mti mkavu, kwa sababu mimi sifanyi kazi nusunusu. Haikuchipua tena. Kile kipande sasa wanakiita Makaburini. Nikapewa kugeuza maua bandani. Nikayaegemea kidogo. Nilipoamka yalikuwa unga. Lakini nilinukia vizuri wiki nzima, hilo hawalisemi.

Basi Jumapili Mjomba anakuja na pikapu yake kunichukua, nikafagie mabanda ya kuku wake. Mimi! Kijana niliyesoma kidato cha pili mara mbili!

Ila mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikiwa chooni nalia (kidogo tu), nikamsikia Bosi anaongea na simu dirishani. Mama Sabuni anakuja Jumamosi. Huyu ni yule mtengeneza sabuni anayetaka kuchukua mafuta yetu yote ya mwaka. Kumbe anataka pia kuchapisha kwenye karatasi ya sabuni habari ya jinsi biashara yetu ilivyoanza. Nani aliianzisha, na kwa nini.

Hapohapo akili ikawaka. Duniani kote, nani anamfukuza mwanzilishi? Hakuna! Mwanzilishi hafukuzwi. Mwanzilishi anawekewa kiti. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ni lazima niwe mwanzilishi.

Kuna tatizo moja dogo. Sijui shamba lilianzaje.

Jumanne, 5 Machi

Uchunguzi umeanza. Nikamkuta Bibi amekaa na kisu chake kidogo, anakata vijiti. Nikamwuliza kama utani, Bibi, hivi hii lavenda yetu ilitoka wapi? Kisu kikasimama. Akasema ililetwa na nesi mmoja aliyepanga chumba cha uani. Nesi gani? Nesi tu. Alikwenda wapi? Bibi akasema mjukuu wangu, hebu kaniletee maji ya kunywa. Nikaleta maji. Bibi hayupo! Bibi mwenye magoti yale!

Nikamfuata Baba. Baba akasema mbegu zililetwa na upepo. Upepo! Na huku masikio yanamcheza, na masikio ya Baba huwa yanacheza akidanganya tu. Nikamfuata Bosi. Bosi akasema kuna lori liliharibika hapo barabarani, dereva akatuachia miche. Nikamwambia mbona Baba kasema upepo. Akajibu papo kwa papo kwamba siku hiyo upepo nao ulikuwepo. Ndiyo maana wanunuzi hawamwezi.

Nikamwuliza na Mama. Alinishika shavu, akauliza kama nimekula.

Shemeji yeye kasema alioa hapa shamba lipo tayari, ya nyuma hayajui. Ila baada ya kuoa walimkalisha kikao, wakamwambia kwenye nyumba hii ukiulizwa habari ya mwanzo wa lavenda, wewe zungumzia mvua. Halafu akatazama juu, akasema naona kama itanyesha. Jua linawaka!

Kichwa kinaniuma. Nesi, upepo, lori, mvua. Mmea mmoja hauwezi kuja na usafiri wote huo. Wanaficha kitu. Watu huficha nini? Haki ya mtu. Ya nani? Ya yule ambaye haambiwi. Nani haambiwi? Mimi! Hesabu imetoka yenyewe. Na mwalimu alisema sina kichwa cha hesabu.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimetengeneza ushahidi.

Nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa mawe kati yetu na jirani yetu fundi cherehani, kuna kichaka cha lavenda kizee kuliko vyote. Shina lake nene kama mkono wangu, na mkono wangu si wa kuchezea. Hakivunwi. Mama akipita hapo hukigusa kidogo, halafu huyo anaenda zake. Nikachukua ubao na rangi, nikaandika: KICHAKA CHA KWANZA. KILIPANDWA NA MWANZILISHI AKIWA NA MIAKA MIWILI. Chini yake jina langu lote, na la Baba, na nafasi ya kubandika picha.

Bibi akaja kusoma. Anasoma polepole, kidole hewani. Alipomaliza akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi kwa pindo la kanga. Kisha akaniuliza nani kaniambia. Nikamjibu ni sauti ya damu. Akasema damu yako na wewe, ondoa ubao huu kabla mama yako hajauona, na usije ukachimba hapa.

Usije ukachimba! Mtu anakwambia usichimbe mahali pasipo na kitu? Nikaenda kuchukua jembe.

Nimekuta kitambaa cha mistari ya bluu, kimeoza. Ndani kumejaa sufi iliyogandamana. Nikavuta, ikaja. Nikavuta, ikazidi kuja. Dhahabu hakuna. Hati hakuna. Godoro! Nani anazika godoro, jamani? Mistari ile kama nimewahi kuiona mahali. Wapi sikumbuki, na kuna sauti ndani yangu inaniambia nisijisumbue kukumbuka. Nimefikiri sana. Jibu ni moja: ndani mlikuwa na hazina, wakaitoa hazina, wakazika mfuko. Hazina yangu!

Shemeji alinikuta shimoni mpaka kiunoni, mizizi ya kichaka inaota jua. Akarudishia udongo kwa mikono yake, akaushindilia taratibu, akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Wivu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimehamia kwa mashahidi wa nje. Fundi cherehani, yule jirani wa ukutani, amekaa pale tangu sijazaliwa na mdomo wake unakimbia kuliko mashine yake. Nikaenda na suruali ya kupunguza. Nikamsifia kitambaa, nikamsifia mkasi, nikamsifia paka. Akasema kijana, sema unachotaka, mimi nina kazi.

Nikasema. Akacheka, akaziba mdomo. Akasema hilo kamwulize mama yako. Nikabembeleza. Akasema alishamwahidi mama yangu zamani, na yeye akiahidi ameahidi. Nikamwambia sawa, basi usiseme, ila nikisema mimi wewe tikisa kichwa tu. Je, mimi nahusika? Akatikisa. Nahusika sana? Akatikisa mpaka miwani ikamtoka. Mwisho uzalendo ukamshinda. Akasema mwanangu, bila wewe pale kwenu pasingekuwa na hata shina moja la lavenda. Hata moja!

Nilijua! Nilijua mimi! Niliruka mpaka nikachana ile suruali. Sasa anaiziba badala ya kuipunguza.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nikamsimamisha Baba mlangoni, nikamwambia najua kila kitu. Akabadilika rangi. Akauliza kila kitu? Nikasema kila kitu, na Jumamosi nataka kisemwe mbele ya Mama Sabuni, kichapishwe, ulimwengu ujue. Baba akauliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika. Nikamwambia nimeisubiri siku hiyo maisha yangu yote.

Akaniwekea mkono begani. Akasema hakujua kama nina moyo mkubwa namna hiyo. Tangu nizaliwe Baba hajawahi kunisifia, na sasa kanisifia kwa jambo ambalo silijui. Nimekubali tu. Sifa ni sifa.

Ijumaa, 8 Machi

Nyumba nzima imenigeuka. Lakini imenigeuka kwa wema, ndiyo ninachoshindwa kuelewa.

Mama kanipa kipande kikubwa kuliko vyote mezani, halafu akakaa ananitazama ninavyotafuna. Bibi kaniita chumbani, kaniambia mjukuu wangu, hakuna anayekudai heshima hii, ukitaka kuiacha iache. Nikamwambia Bibi, heshima haiachwi. Akapumua kwa nguvu.

Bosi kanivuta nyuma ya banda. Kasema wewe mjinga, nyamaza, nakuomba. Bosi kuniomba mimi! Kasema yeye ndiye aliyewaapisha wote wasiseme, na kwamba alishapigana shuleni kwa ajili ya jambo hili mpaka akavunjwa jino. Kwa hiyo ndiye kiongozi wa wanyang'anyi! Kakiri mwenyewe, na jino ni kielelezo. Nikamwambia tutaonana kesho. Akasema Mungu wangu, akaondoka ameshika kichwa.

Jioni akaja Shemeji. Kasema amezungumza na Baba, Baba amekubali: nikae, niwe msaidizi wake kwenye pipa la kuchemshia. Kulisha moto, kupakia maua, kuchota mafuta yakielea juu ya maji. Kuku basi. Mjomba atapigiwa simu asije. Sharti lake ni moja, kesho nisiulize kitu mbele ya mgeni.

Msaidizi! Jumatatu ningemkumbatia. Leo? Mwanzilishi mzima niwe msaidizi wa mtu aliyeoa tu akakuta pipa? Nimekataa. Nimemwambia kama ataendelea kuwa na adabu, nitamfikiria yeye awe msaidizi wangu. Akasema naona kama itanyesha.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandike nini. Naandika hivyohivyo.

Mama Sabuni alifika mchana. Mama mnene, mcheshi, mikono myeupe kwa magadi. Akanusa mafuta, akafumba macho, akasema sawa, haya ndiyo. Akatoa kalamu, akauliza: haya jamani, nani alianza? Bosi akafungua mdomo, najua ilikuwa ni lori. Nikasimama. Nimevaa koti la Baba. Nikasema mgeni wetu, ukweli wa nyumba hii umefichwa miaka mingi, leo namwomba Mama auseme wote, asibakize.

Mama akaniuliza, wote? Nikasema wote, Mama. Akamtazama Baba. Baba akasema kijana mwenyewe ameridhia.

Mama akatupeleka nyuma, kwenye ule ukuta wa mawe.

Akasema mwanangu huyu, alipokuwa mdogo, alikuwa kikojozi.

Akasema si kikojozi wa mara moja moja. Kila siku. Kila asubuhi yeye Mama alikuwa anatoa godoro na kulianika juu ya ukuta, na dirisha la fundi cherehani liko palepale. Wateja walikuja kupimwa nguo, wakapimwa huku wameziba pua. Fundi wa watu hakugomba. Akaleta mche wa lavenda kwenye kopo, akasema panda hapa, godoro likauke juu yake. Mche ukapendana na kifusi cha ukutani kama umezaliwa hapo. Lakini mche mmoja haubebi godoro. Bibi akakata vijiti, wakapanda safu yenye urefu wa godoro la mtoto.

Basi mtoto akakua, na godoro likakua. Kila mwaka safu ikarefushwa. Halafu godoro moja halikutosha, moja limelowa, moja linakauka, moja linasubiri. Safu zikawa tatu. Fundi akaanza kuomba maua makavu ayaweke kwenye nguo za wateja, nondo wasizitoboe. Wateja wakaja kuomba ya kwao. Wakaja wengi. Ndipo Baba akasafisha mlima wote wa mawe, wakaanza kuuza. Shamba, akasema Mama, limefuata godoro.

Mama Sabuni akatembea kando ya safu ya kwanza. Akauliza, hapa alikuwa na miaka mingapi? Mama akasema mitatu. Akasogea. Hapa? Mitano. Akasogea, akasogea. Hapa? Minane. Akanigeukia, akaniangalia juu mpaka chini, na koti la Baba. Akasema, bado? Mama akasema bado. Wakaenda mpaka kwenye kona ya ukuta. Kumi na moja, akasema Mama, hapo ndipo alipoacha, na siku hiyo, yeye akiwa shule, tulizika godoro chini ya kichaka cha kwanza, sote tulilia kwa furaha.

Mimi nilikuwa nimesimama tu. Kumbe! Mimi siku zote nilijua kila nyumba duniani hutandaza magodoro juu ya lavenda asubuhi. Niliambiwa ni kwa ajili ya afya! Nesi, upepo, lori... watu wazima wanne wamedanganya miaka yote hii ili mimi nitembee njiani bila kuchekwa, na mimi nimevaa koti nikawalazimisha waseme.

Mama Sabuni alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikamwisha ghafla. Akasema nyumbani kwake naye ana mmoja, wa miaka saba, na alikuwa anadhani ni nyumba yake tu. Akasema anachukua mafuta yote, na habari ya kuchapishwa ndiyo hiyohiyo, nyingine haitaki.

Nikaingia bandani nikalala juu ya maua. Safari hii hakuna aliyeniamsha.

Jumapili, 10 Machi

Mjomba kafika asubuhi na pikapu. Nilikuwa wa kwanza kupanda. Begi tayari, viatu tayari. Nikamwambia twende Mjomba, kuku wanasubiri. Niliona kuku ni viumbe wa maana sana. Hawasomi karatasi za sabuni.

Baba akatoka, akasimama mbele ya gari. Akasema haendi. Nikasema naenda. Akasema shamba lote hili limesimama juu yako, nikikutoa wewe nibaki na nini? Akasema maneno yaleyale niliyoyatunga mimi kichwani Jumatatu, kwamba mwanzilishi hafukuzwi. Nimeshinda! Mbona kushinda kunaniwasha hivi?

Nikang'ang'ania chuma cha pikapu. Bosi akanivuta mguu mmoja, Shemeji mwingine. Mjomba akatoa kichwa dirishani. Akasema mwacheni aje kama anataka, ila nitapitia dukani kwanza kununua nailoni ya kumtandikia kitandani. Kumbe kashaambiwa! Na nani? Akasema na mtu wa duka. Na mtu wa duka je? Na fundi cherehani, ambaye ahadi yake, kasema, iliisha jana Mama alipojisemea mwenyewe.

Nikashuka.

Mchana Baba kanipa kazi. Zile safu tatu za ukutani ni zangu, nizitunze. Kasema kupogoa atanifundisha yeye mwenyewe. Kuhusu kumwagilia kaniomba nisisogee na ndoo. Bosi kapita, kaniita Mwanzilishi. Nimemsikiliza vizuri nione kama ananikejeli. Sikuelewa. Alikuwa anatabasamu, na lile jino bandia linang'aa.

Jumamosi, 23 Machi

Karatasi za sabuni zimefika! Boksi zima, Mama Sabuni kalileta tuzikague kabla hajaanza kufungia. Rangi ya zambarau, nzuri sana. Kuna mchoro wa mtoto amebeba godoro kichwani. Pua si yangu, lakini nimesamehe.

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikageuza nyuma, labda kuna sehemu ya pili. Hakuna!

Wameandika: mama mmoja alikuwa na mtoto wake mdogo, aliyekuwa akilowesha kitanda mpaka alipofika miaka minne.

Mtoto wake! Mtoto gani? Nyumba hii ina watoto wawili! Mtu akisoma atadhani ni Bosi. Bosi awe mwanzilishi? Bosi, ambaye hajawahi kulowesha hata mto? Na hiyo miaka minne wameitoa wapi? Mtoto wa miaka minne anaanzisha shamba gani? Hiyo ni bustani ya mbele ya mlango.

Nikaenda kulalamika. Mama kasema ni yeye aliyeomba. Kasema alimsihi Mama Sabuni afute jina na apunguze miaka, nisije nikaaibika mbele za watu. Akanishika shavu. Nikamwambia asante Mama, umenifikiria sana. Nikabeba boksi mpaka chumbani, nikafunga mlango.

Nina kalamu nyeusi ya wino usiofutika. Kwenye kila karatasi naandika jina langu lote, la Baba, na namba ya simu. Minne nakata, naandika kumi na moja. Bosi anagonga mlango, anauliza nafanya nini humo. Nimemwambia nasaini.

Kazi ilikuwa inakwenda vizuri mpaka katikati ya boksi, nilipokumbuka lile godoro la safari ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na nne.

Nimezimwaga zote kitandani, naanza upya. Kama ni kuandikwa, niandikwe kamili.